Waliitoa au Waliiacha?

Mimi si mtu wa kukaa. Nianze na hilo, kwa sababu karibu yote yaliyonipata yalinipata nikiwa nimeambiwa nikae. Kaa hapo, mama, daktari anakuja. Lala chali. Usigeukie upande huo. Ngoja majibu. Kama nawe umeambiwa una uvimbe kwenye nyumba ya mtoto, hizo zinazoitwa fibroidi, basi unajua ninachosema, na huenda unasoma haya ukiwa umesimama dirishani. Sawa, simama tu. Nami nitasimulia huku nikienda huku na huko.

Nilikuwa nimeolewa mwaka wa nne. Nilifanya kazi kwenye duka la miwani katikati ya jiji la Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kumvisha mteja fremu na kuikunja masikioni mpaka itulie. Kwa muda mrefu damu yangu ya mwezi ilikuwa ikinitoka bila adabu. Nilivaa sketi nyeusi peke yake. Nilivijua vyoo vyote vya mjini, kipi kina maji na kipi mlango wake haufungi. Tumbo nalo likatokeza, wateja wakaanza kuniambia niketi nisichoke, na mimi nikawa naketi na kuwashukuru kwa kuwa kueleza kulichosha zaidi.

Aliyenihuzunisha ni mama mkwe. Mume wangu, Njoroge, ni Mkikuyu wa pande za Dagoretti. Mimi ni Mbukusu, jina langu Nekesa, na Kikuyu changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo mimi na mama yake tunaongea Kiswahili. Siku moja aliniona nikitoka garini akatazama tumbo, uso wake ukafunguka. Kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na yeye alikuwa amelisubiri jina lake kimyakimya bila kunisukuma hata siku moja. Ilibidi nimwambie pale pale getini kwamba si hilo. Akasema, "Haya, ingia ndani, jua ni kali," na jua halikuwepo.

Daktari wa Hurlingham, kwenye barabara ya Argwings Kodhek, alinipa njia mbili. Kupasuliwa tumbo lote, au operesheni ya kamera: matundu madogo, vyuma virefu, wanakata uvimbe huku wakitazama kwenye televisheni. "Ukitaka mtoto baadaye, hii itakuachia nyumba yake," alisema, "na utarudi kazini haraka." Njoroge alisikia neno mtoto. Mimi nilisikia yote mawili, na kusema kweli lile la kurudi kazini haraka ndilo lililonitoa kwenye kiti kwenda kupanga siku. Niliichagua kamera, na hata leo sijutii kuichagua. Shoga yangu wa kazini alifanyiwa hiyo hiyo baada yangu na akarudi kuuza miwani bila shida yoyote. Usije ukakimbia matibabu kwa sababu ya hadithi yangu.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi inayoingia mpaka kwenye vikombe. Nilifanyiwa, nikaamka, nikaambiwa uvimbe wote umetoka na nyumba ya mtoto imeshonwa vizuri. Nikarudishwa Kileleshwa, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya tatu, nikiwa na plasta ndogo ndogo tumboni. Mama mkwe alikuwa ameshafika na mizigo yake. Alifunua nguo yangu, akachungulia, akafunika.

"Hii ndio operesheni?" akauliza. "Mimi nikijikata na kisu ya viazi naumia kuliko hii."

"Ndani ndiyo wamekata, Mama."

"Ndani wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono tu. Hapo akabadilika. Kwake yeye, mwanamke aliyeguswa pale ni mzazi, awe na mtoto mkononi au asiwe naye, na mzazi ana taratibu zake. Akanipikia njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo Wakikuyu humlisha mwanamke aliyejifungua. Akaniletea uji wa mtama uliochachushwa, chupa baada ya chupa. Kisha akachukua leso, kanga yake moja, akaikunja, akanifunga tumbo kwa nguvu kama wafungwavyo waliojifungua, ili lirudi ndani. Nilikula, nikanywa, nikafungwa. Ukweli ni kwamba nilipenda. Hakuna aliyewahi kunitunza namna ile, na nilipofumba macho niliweza kujidanganya kidogo kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo tulipopotea. Daktari alikuwa ametuambia kwamba kabla ya kamera wanajaza tumbo hewa wapate kuona, kwamba hewa hiyo hukaa siku kadhaa, inauma mpaka begani, na dawa yake ni kutembea. Kwa hiyo bega liliponiuma, nilitembea. Tumbo lilipojaa, nilitembea. Kutoka jikoni mpaka chumbani, kutoka chumbani mpaka kwenye varanda, mkono ukiwa juu ya leso. Kila maumivu yalikuwa na maelezo yake tayari. Kama haikuwa hewa ya daktari, ilikuwa gesi ya njahi, na nani hajui njahi inajaza tumbo? Njoroge aliwahi hata kunitania, "Umeshiba kama bibi harusi wa Kiambu." Nilicheka nikiwa nimeshika ukuta.

Nilipiga simu kliniki. Aliyepokea alisema, "Hiyo ni kawaida, mama. Endelea kutembea."

Nikaendelea. Nilitembea hata nilipoanza kutetemeka, nikasema ni baridi. Nilitapika uji, nikasema umechacha kupita kiasi. Asubuhi moja mama mkwe alinifungua leso anifunge upya, na tumbo halikushuka. Lilibaki pale pale, gumu, linameta, na alipoligusa kwa kidole nilipiga ukelele. Aliitazama ile leso mkononi.

"Njoroge," akaita, "wacha chai. Washa gari."

Kama unachukua neno moja tu kutoka kwangu, chukua hili: baada ya operesheni tumbo linatakiwa kupungua kila siku. Likiongezeka, rudi hospitali, hata kama kila mtu nyumbani ana sababu nzuri ya kulieleza.

Kwenye chumba cha kungojea cha hospitali sikuweza kuketi. Nikiketi nilihisi kitu kinachanika, nikisimama magoti yanaisha. Nikawa nazunguka kati ya viti, nikiwakanyaga watu na kuomba radhi. Askari wa mlangoni akaniambia, "Madam, si ukae tu, utaitwa," nami nikamjibu kwa lugha ambayo mama mkwe alijifanya hakuisikia. Nilikuwa bado nabishana na askari nilipoanguka. Kuanguka kulinisaidia, kwani niliingizwa ndani mara moja.

Daktari wangu alifika akiwa bado amevaa koti. Alisema utumbo uliguswa na vyuma ile siku ya kwanza, sehemu ndogo tu, na sasa pametoboka na uchafu umesambaa tumboni. Inatokea mara chache, alisema. Sikuwa na haja ya kujua inatokea mara ngapi. Ilibidi wanifungue tumbo sasa hivi, kwa kisu, jambo lile lile nililokuwa nimelikimbia. Kisha akashusha sauti, akamgeukia Njoroge badala yangu. Kama uchafu umefika kwenye nyumba ya mtoto, palipo na mshono mbichi, huenda wakalazimika kuitoa.

"Mzee, tunahitaji ruhusa yako."

"Niulize mimi," nilisema. "Niko hapa."

Akaniuliza. Nilijaribu kujibu. Nilisema, "Mkiweza kuiacha, iacheni. Mkishindwa..." nikashindwa kumaliza. Njoroge akamalizia.

"Toeni chochote. Nirudishieni huyu."

Leo najua lile lilikuwa neno la mapenzi. Siku ile nililichukia, na nililibeba mpaka ndani ya usingizi. Chochote.

Nilipoamka nilikuwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi na mpira kooni. Hebu fikiria mtu kama mimi, amefungwa mipira puani, kooni, ubavuni, kwenye kibofu, na ana swali moja tu duniani, na mdomo umezibwa. Nilipeleka mkono tumboni. Nilikuta bandeji ndefu kutoka juu ya kitovu mpaka chini kabisa. Nikamtazama Njoroge. Akatazama dripu.

Mpira ulipotolewa nilimuuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Waliitoa au waliiacha?"

"Cha muhimu uko hai," akasema, na akaanza kunikunjia shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Wewe ungeelewaje? Nilielewa kwamba imetolewa. Nilimuuliza sista, akasema daktari atanieleza. Daktari mwenyewe alikuwa amesafiri nje ya nchi, na aliyeshika nafasi yake alikuwa kijana mwenye haraka aliyepita kitandani kwangu na kundi la wanafunzi. "Tunaendelea poa, eh?" alikuwa akisema, na kundi zima linatikisa vichwa. Siku moja nilifungua mdomo nimuulize. Wale wanafunzi wote wakainua kalamu. Nikasema nasikia kiu.

Nimeulizwa na watu, mbona hukumshika mtu shati ukamlazimisha aseme? Niliogopa, basi. Ukiwa hujaambiwa, bado kuna mlango umeegeshwa. Nilikuwa na uwezo wa kutapika mbele ya wageni na kuvuliwa nguo na vijana wa umri wa mdogo wangu, lakini uwezo wa kusikia jibu hilo sikuwa nao.

Mwili ulibadilika mpaka nikawa nauonea haya. Pete ya ndoa ilianguka kwenye sinki, tukaifunga na uzi. Nywele zilibaki kwenye mto. Ule mpira wa ubavuni ulitoa maji yenye harufu, na harufu ile ilikaa puani mwangu hata ulipotolewa. Lakini palikuwa na sista mmoja, mnene, mwenye sauti kubwa, ambaye siku moja bila kuombwa alileta beseni la maji ya moto na shampuu yake mwenyewe akaniosha kichwa pale pale kitandani, akiimba wimbo wa kanisani na kukosea maneno. Nililia mpaka sabuni ikaniingia machoni. Sijui kama aliwahi kujua alichonifanyia.

Agosti nikarudi nyumbani, nikiwa mwepesi na mwenye hasira. Kidonda kilichelewa kufunga upande wa chini, kwa hiyo nilikwenda Hurlingham kuoshwa, kurudi, kwenda tena. Mwezi ukaisha na damu haikuja. Nikajiambia, unaona? Mwezi wa pili ukaanza.

Nyumbani pakawa pabaya kwa upole. Mama mkwe alipika supu nyepesi, hakugusa njahi, hakugusa leso, na lile jina lake halikutajwa tena hata kwa bahati mbaya. Yeye na Njoroge walikuwa wakizungumza Kikuyu jikoni, nami nikiingia wananyamaza na kuniuliza kama nataka chai. Njoroge alihamia kwenye kochi, akisema anaogopa kunigonga kidonda. Mimi nilizunguka fleti, nilipanga kabati zilizokuwa zimepangwa, nilifuta miwani ya kila mtu. Jumamosi moja nikamlipukia.

"Niambie tu kwamba umeoa mti mkavu! Mbona mnanizungukazunguka?"

"Nekesa, tafadhali. Mama ako hapo ndani."

"Si mama yako anajua? Si nyote mnajua isipokuwa mimi?"

Akachukua ndoo akashuka kwenda kuosha gari. Alikuwa ameliosha asubuhi hiyo hiyo. Nilimtazama kutoka kwenye varanda akisugua magurudumu, nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi.

Kabla sijafika mwisho, neno kwako uliyeshika tumbo. Sitakuambia kama baadaye nilipata mtoto au sikupata. Nimechoka na hadithi za ugonjwa ambazo lazima zimalizike na mtoto, kana kwamba aliyemkosa hakupona. Nilipona. Hilo linatosha kuandikiwa.

Basi. Septemba daktari wangu akarudi, nikapewa siku ya kumwona. Mama mkwe akasema atanisindikiza. Alivaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu. Chumba cha kungojea kilijaa: wajawazito, waume zao, mzee mmoja mwenye gazeti ambaye sijui alimfuata nani. Nikamketisha mama kwenye benchi, nami nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikasoma bango la chanjo, nikarudi tena.

"Nekesa, unanipiga kizunguzungu," akasema. "Kuja ukae."

Nilikaa. Nilikuwa nimeamua kwamba sitaingia kwa daktari nikiwa mjinga wa mwisho. Nikamwinamia sikioni.

"Mama. Nataka unieleze wewe kabla ya daktari. Ile siku waliponifungua, alikwambia nini?"

Akashika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Mimi sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui. Njoroge alikuwa ameenda kutafuta watu wa kazi yake watoe damu, yangu walisema ni ya mtu mzee. Daktari akatoka akaniona mimi tu. Akaongea Kizungu, haraka haraka, na alikuwa amechoka huyo mtu, macho ilikuwa nyekundu. Nikamwambia asante daktari. Akaenda." Akapangusa pua. "Njoroge akarudi akaniuliza mama, daktari amesema aje? Nikasema amesema utapona."

"Na nyumba ya mtoto? Hukumuuliza Njoroge?"

Akanitazama kana kwamba nimevua nguo.

"Sasa nitaongea na kijana yangu maneno ya huko? Maneno ya nyumba ya bibi yake? Hiyo siwezi. Na yeye hawezi kuniuliza. Mimi nilijua ameambiwa baadaye, ndio maana ananyamaza. Nikaona nisimuumize."

Nilimwelewa pale pale, na nikawaelewa wote wawili. Njoroge alidhani mama anajua na anamficha. Mama alidhani Njoroge anajua na anamficha. Kati yao palikuwa na heshima, ile heshima ambayo mama na mwanawe hawataji viungo vya mwanamke wakiwa chumba kimoja, na mimi nikalala katikati ya heshima hiyo kwa majuma, nikisoma vifo kwenye nyuso zao. Hakuna aliyekuwa akijua chochote. Nilitaka kupiga kelele, na badala yake nilianza kucheka, kicheko kibaya cha kuvuta mshono, nikajishika tumbo. Mama akaogopa.

"Unaumwa?"

Kweli nilikuwa naumwa. Tangu asubuhi kiuno kilikuwa kizito na nilikuwa nimekilaumu kidonda, maana nilikuwa nimezoea kukilaumu kwa kila kitu. Lakini haya hayakuwa ya kidonda. Yalikuwa chini, ya kuvuta na kuachia. Niliyajua. Nilikuwa nimeishi nayo tangu shule. Niliinuka, nikaenda chooni karibu nikikimbia, nikafunga mlango.

Ilikuwa damu. Kidogo, ya kawaida, kiasi ambacho zamani nisingekitambua kuwa ni damu. Niliketi pale nikaitazama. Miaka yote nilikuwa nimeilaani, nimeifua, nimeificha kwenye sketi nyeusi, na sasa nilishika ukuta wa choo cha watu nikaiambia asante. Hakuna mwanamke anayepata hiyo bila kuwa na nyumba. Kwa hiyo waliiacha. Walikuwa wameiacha tangu Julai.

Nilitoka nikiwa na machozi mpaka shingoni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba umeanguka sakafuni, akingoja habari mbaya.

"Mama," nikamwambia, "nimeona mwezi."

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Kofia ilimtoka kichwani, na yule mama ambaye hangeweza kumuuliza daktari neno moja akatupa kichwa nyuma akapiga vigelegele, vikali, virefu, katikati ya kliniki ya Hurlingham, mpaka mpokezi akasimama na mtoto wa mtu akaanza kulia.

Mjamzito mmoja akageuka kwenye benchi, anatabasamu.

"Hongereni! Ni kijana ama ni msichana?"

Mama mkwe alinishika mkono, akamtazama yule mjamzito, akawatazama waume wote waliokaa pale, na mzee na gazeti lake.

"Ni damu," akasema kwa sauti iliyofika barabarani. "Ni damu ya bibi ya kijana yangu!"

Na akapiga tena.